Sauti Iliyokataliwa na Mashine

Mwalimu Deogratias amekufa akaniachia diski. Hakuniachia neno la kuagana wala salamu ya maana, bali diski ya kompyuta ya zamani, nzito kama tofali la kuchoma, iliyoviringishwa kwenye kipande cha kitenge. Mjane wake aliileta mgahawani kwangu hapa Katandala, mjini Sumbawanga, matanga yalipokwisha anuliwa. Alikaa, akanywa uji, akasema marehemu alipozidiwa alikuwa anarudia agizo moja tu: hii ni ya Felista, mpelekeeni Felista. Mama wa watu hakujua ndani mna nini na mimi sikujua. Nilidhani ni nyimbo za kwaya ya zamani, nikamshukuru, nikaiweka juu ya kabati la sahani. Ilikaa pale wiki kadhaa ikipata moshi wa maharage, na laiti ningejua ningeiacha hapo hapo, au ningeifungua siku ile ile. Mpaka leo sijaamua lipi lingekuwa jema.

Fundi wa kwanza niliyempelekea, kijana wa karibu na stendi, aliiunganisha na kompyuta yake, akangoja, akaniambia diski ni tupu. Mashine yake ilikuwa imeandika kwamba haioni kitu cha kusomeka humo na inauliza kama isafishe ianze upya. Kidole chake kilikuwa kimeshaelekea kwenye kukubali. Nikamwambia aitoe. Mimi ni mtu wa maneno makali, wateja wangu wanajua, lakini siku ile sikusema kwa ukali. Nilisema tu kwamba mtu hawezi kuhangaika na kitu kitupu akiwa anakata roho. Kijana akaichomoa, akanirudishia na kitenge changu.

Ndipo nikampelekea Yusta, binti mwenye duka la kutengeneza kompyuta nyuma ya mgahawa wangu, ambaye hula kwangu karibu kila mchana na hulalamikia chumvi. Aliigeuzageuza diski, akasoma maandishi ya mgongoni, akaniuliza kompyuta iliyokuwa nayo ilikuwa ya nani na ilitumika kufanya nini. Nikamwambia ilikuwa ya mwalimu wa kwaya, ilirekodi nyimbo, na kwamba haikuwa kama kompyuta nyingine, kwa sababu watu walikuwa wakiilalamikia kuwa haina vitu walivyovizoea. Akacheka, akasema basi hiyo ilikuwa ya Linux, mfumo tofauti na ule wa kompyuta nyingi za hapa, na yule kijana wa stendi alikuwa anagonga mlango kwa lugha ambayo mwenye nyumba haijui. Wakati anatafuta waya wa kuunganishia diski za umri ule, mimi nilikaa kwenye kigoda chake, na mwaka mzima ukanirudia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Simu za tochi ndiyo kwanza zilianza kufika kijijini kwetu Msanzi, na aliyekuwa nayo alipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Mwalimu Deogratias alikuja kijijini na kwaya ya mjini mwishoni mwa mvua, wakati tunapindua majani kutengeneza intumba, yale matuta ya mviringo tunayofukia nyasi ndani yake ili zioze ziwe mbolea. Kazi ile huimbwa. Mmoja huongoza, majembe hujibu kwanza, kisha watu. Mwaka ule aliyekuwa akiongoza shamba la jirani yetu nilikuwa mimi. Mwalimu alisimama kwenye ukingo wa shamba na viatu vyake vya mjini mpaka tulipomaliza safu, kisha akaenda moja kwa moja kwa wazazi wangu. Aliomba nikae mjini mwaka mmoja, kwaya inatengeneza kanda, na anataka mahadhi yetu ya kulima ayavalishe maneno ya shukrani kwa Mungu, niyaongoze mimi. Alisema mbele yao kwamba tangu aanze kufundisha hajasikia sauti kama ile. Sijawahi kusahau namna mama alivyoficha tabasamu nyuma ya ncha ya khanga.

Mjini nilipewa chumba kimoja na Leokadia. Alikuwa msichana wa hapa hapa, mpwa wa mwenyekiti wa kwaya, na kabla sijaja yeye ndiye aliyekuwa mwongozaji. Hakunionyesha kinyongo hata siku moja. Chumba kilikuwa nyuma ya ghala la parokia, kina kitanda kimoja, dirisha lisilofunga vizuri na jiko la mkaa tuliloliingiza ndani alasiri baridi inapoanza, tukaacha mlango wazi ili tusife na moshi. Baridi ya Ufipa katikati ya mwaka haina heshima. Upepo ulipita chini ya mlango kama una ufunguo. Tulivaa sweta moja kwa zamu. Leokadia alinifundisha kupanda pikipiki bila kupiga kelele, kutokuwaamkia vijana wenzangu kwa unyenyekevu wa kijijini, kujibu "poa" nikiambiwa "mambo". Mimi nilimfundisha kusonga ugali wa ulezi usiwe na madonge. Alikuwa hawezi kabisa, ulimshinda, na tulicheka mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Siku moja tunachambua maharage kwenye ungo, aliniuliza kwa nini naogopa kupigwa picha. Nikamsimulia habari ya bibi yangu. Zamani mpiga picha alipita Msanzi, akawapanga wazee wote, na picha ziliporudi bibi hakuonekana. Mahali pake palikuwa na weupe tu. Leo najua ni mwanga uliingia kwenye filamu, lakini kule waliamua kwamba kamera imemkataa bibi, na bibi mwenyewe alikubali. Aliishi maisha yake yote akijua yeye ni mtu ambaye kamera haimchukui, na hakuona ni jambo la kulia. Leokadia alisikiliza mkono ukiwa ndani ya maharage, hakucheka. Aliniambia nisimsimulie mtu mwingine hapa mjini, wataniona mshamba, tena watu wa nje wameshatuchosha na utani wao kuhusu Sumbawanga na uchawi. Nilimpenda kwa maneno hayo, nikaona huyu ni ndugu.

Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo. Mwalimu alitundika mablanketi ya kijivu kutani, akaweka meza, kompyuta na kipaza sauti kilichofunikwa soksi. Ile kompyuta aliipata mjomba wake Leokadia kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na mwalimu aliijua peke yake, wengine tuliiogopa. Kila sauti ilirekodiwa kando, kisha mashine ikaziunganisha. Tuliimba kwa kuvizia: upepo ukivuma juu ya bati tunangoja, kuku wa paroko akitaga tunangoja, mashine ya kusaga ikiwashwa huko barabarani tunakwenda kula. Tulikula sana mwaka ule kwa sababu ya kungoja. Viazi vya kuchemsha, maharage, na mara mojamoja migebuka ya kukaushwa iliyotoka ziwani, ambayo Leokadia aliipika kwa nyanya nyingi. Nyimbo zangu nilizirekodi wiki chache kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Wimbo wa intumba niliuimba mara tatu, na mara ya tatu mwalimu alivua miwani akafuta macho. Niliona kwa macho yangu mwenyewe.

Baada ya sikukuu aliniita stoo. Leokadia alikuwa ameshakaa pale kwenye benchi. Mwalimu hakunitazama, alitazama vitufe vya kompyuta, akasema, "Felista, mashine imeikataa sauti yako." Akanisikilizisha. Palikuwa na mkwaruzo tu, kama mahindi yanayokaangwa, na kwa mbali sana kitu kinachoweza kuwa mtu. Akasema sauti za wenzangu zote zimekaa, yangu tu haikukaa, amejaribu kila njia, diski imeimeza. Leokadia alinishika mkono, akasema, "Kuna watu wako hivyo, mwenzangu. Si kosa lako."

Nami nikaamini. Wala sikuuliza swali. Niliona nimerithi jambo la ukoo, kama wengine wanavyorithi miguu ya matege, na nikaona aibu kwa kuwa nimewapotezea muda. Mchana ule Leokadia alipika migebuka, akanitolea miba kwa vidole vyake kama ananiuguza, akalia kabla yangu. Yeye ndiye aliyeimba upya sehemu zangu. Kanda ilipozinduliwa nilikuwa jikoni na kina mama wengine, nikikoroga wali, nikisikia wimbo wa mashamba yetu ukitoka kwenye spika kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kushika jembe la intumba. Niliwaambia watu ameimba vizuri. Kanda ile ilipigwa kwenye harusi zote za uwanda huu, na Leokadia akaenda kuimba mpaka Mbeya.

Nilirudi Msanzi mwaka ulipokwisha na habari ilishanitangulia. Hakuna aliyenitenga, nisiwasingizie. Watu wetu ni wapole. Lakini walinitania. Msimu wa matuta ulipofika, mama mmoja alisema kwa kucheka kwamba nisiongoze, intumba zisije zikakataa kuota. Wote wakacheka, nami nikacheka. Sikuongoza tena. Nikaolewa, nikahamia Katandala, nikafungua mgahawa, nikazaa watoto watatu na sikuwaimbia hata mmoja alipolia. Niliwabeba tu nikitembea huku na huku. Mama yangu alipozikwa nilisimama kati ya wanawake nikichezesha midomo bila kutoa sauti, na hilo linaniuma kuliko yote. Aliyekuwa kando yangu, amenishika kiuno nisianguke, alikuwa Leokadia. Alikuwa msimamizi wa ubatizo wa binti yangu Anzela, nami nilikuwa wa mwanawe Baraka. Tangu utoto wa watoto hao, yeye aliniita Mama Anzela nami nikamwita Mama Baraka, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mmoja wetu alimtembelea mwenzake.

Yusta alipata waya wake. Kioo cha kompyuta yake kilikuwa cheusi, akiandika amri kwa haraka, na mimi nikamwambia asinifiche kitu, anieleze kama anavyomweleza mteja. Akasema diski hii haikugawanywa kwa njia ya kawaida. Mwenyewe alifanya diski yote iwe kama ghala moja, kisha ndani yake akatenga vihenge anavyoweza kuvipanua na kuvipunguza apendavyo. Kompyuta isiyojua mpango huo inaona ukuta tu wa ghala, ndiyo maana inasema hakuna kitu. Kwanza mashine itambue ghala, halafu ivisome vihenge kwa majina, halafu iviamshe, maana vimelala. Vikishaamka ndipo unafungua kimoja kimoja. Na atafungua kwa kusoma tu, akasema, tusije tukaandika juu ya vitu vya marehemu. Majina yakatokea matatu. Cha kwanza kiliitwa mfumo, cha pili kwaya, cha tatu akiba.

Nikamwuliza itakuwaje, maana diski hii ni mbovu tangu zamani, ilimeza sauti yangu. Yusta akanitazama. Akaandika amri nyingine, akasubiri, akageuza kioo nione ingawa sikuelewa kitu.

"Mama Anzela, nani kakwambia mbovu? Nimeipima. Hii diski haijawahi kuumwa hata siku moja."

Katika kihenge cha kwaya mlikuwa na kanda kama ilivyozinduliwa. Katika akiba mlikuwa na folda moja yenye jina langu. Nyimbo zangu zote zilikuwamo. Yusta akasoma tarehe zake: zilihamishiwa humo wiki moja kabla ya Kupalizwa, yaani kabla mimi sijaitwa stoo. Kwanza mwalimu alizificha, halafu ndipo akanitengenezea ule mkwaruzo. Akanivalisha hedifoni, akabonyeza.

Sitaisifu sauti ile, si heshima. Nitasema tu kwamba nilimsikia msichana anayeimba kana kwamba hana mtu wa kumwogopa, na ilinichukua muda kukubali kwamba ni mimi. Niliusikiliza wimbo wa intumba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile ya tatu ilikuwa ndefu kuliko zote, kwa sababu mwalimu, aliyekuwa anafuta macho, alisahau kuizima. Wimbo ukaisha. Nikajisikia nauliza kama wanataka chai, niwaletee. Mlango ukafungwa, bati likavuma kidogo. Halafu ikaja sauti ya Leokadia, iko karibu, imetulia, ile ile iliyonibembeleza miaka yote.

Alimwambia mwalimu kwamba akiimba Felista, yeye amekwisha. Felista ataolewa, ataimba huko huko kwenye matuta yao, yeye hana kingine. Akamkumbusha kwamba mashine hii imeletwa na mjomba wake. Mwalimu akakohoa, akauliza atamwambiaje binti wa watu. Na Leokadia akajibu, wala hakufikiri sana:

"Mwambie mashine imemkataa, kama kamera ilivyomkataa bibi yake. Ataamini. Kanisimulia mwenyewe."

Kisha akacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, ni kile kile cha ugali wenye madonge. Mlango ukafunguliwa, nikajisikia naingia na vikombe, na Leokadia akaniambia ahsante mwenzangu, umetuokoa na baridi. Nilivua hedifoni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na siku zote nilidhani wanamsema chawa. Yusta aliniuliza kama anihamishie faili kwenye simu. Nikasema ndiyo, nikaenda nyuma ya duka lake nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, na tofauti yake naijua. Nilimkasirikia hata marehemu. Mtu mzima, mwalimu, aliyekutana nami kanisani kila Jumapili na kunipa mkono wa amani, alishindwa kufungua mdomo akaona afadhali afungue kihenge, tena kwa amri ambazo mimi nisingezijua.

Nilikwenda Mpui, anakoishi Leokadia na mumewe, siku ambayo haikuwa zamu yangu kumtembelea. Alifurahi kuniona. Alitandika kitambaa mezani, akaleta chai ya maziwa na viazi, akaanza kunihadithia habari za mchumba wa Baraka. Nilimwacha amalize. Kisha nikaweka simu katikati ya vikombe nikapiga rekodi, kuanzia pale ninapouliza habari ya chai. Aliitambua sauti yake mara moja. Hakubisha wala hakusema ametungiwa. Alitazama mezani mpaka kicheko kikapita.

"Nilifikiri utabisha," alisema. "Wiki nzima nilingoja uje useme haiwezekani. Ungebisha kidogo tu, ningesema ukweli. Hukubisha, Felista."

Basi kosa likawa langu. Nilimwambia nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mtu pekee ambaye ningemwendea kuuliza kama inawezekana alikuwa yeye, naye alikuwa amekaa pale amenishika mkono. Nilimwambia habari ya watoto wangu ambao sikuwaimbia. Habari ya mazishi ya mama sikuweza kuimaliza. Alilia, na mimi nikamtazama akilia, nikagundua kwamba sijui tena machozi yake yana maana gani, yale ya migebuka nayo yalikuwa ya kweli au hayakuwa. Hilo ndilo aliloninyang'anya, kuliko kanda, kuliko Mbeya: kila jema alilonitendea tangu siku ile sasa lazima nilipime upya.

Akaniomba nimsikilizishe wimbo wenyewe. Alisema hajausikia tangu mwaka ule. Nikaupiga. Aliusikiliza ameinamisha kichwa, mkono mmoja ukipiga taratibu pigo la jembe kwenye paja. Mwishoni akasema ilikuwa nzuri, ilikuwa nzuri kuliko yake, na kwamba mwalimu alimwambia hivyo hivyo siku ile ile.

"Najua," nikasema. "Nimejua wiki hii."

Nilimtaka jambo moja. Jumapili, baada ya misa, awaambie wanakwaya wazee waliobaki, wale waliosema sauti yangu haikai. Sikutaka aombe msamaha, aseme tu ilivyokuwa. Akapangusa macho kwa upindo wa khanga, akafikiri, akasema sasa yeye ni mwenyekiti wa akina mama, na Baraka anakaribia kuoa katika familia yenye masikio marefu, na mwalimu mwenyewe ameshakufa, ya nini kumfukua marehemu. Akasema sisi wawili tukijua inatosha. Alisema kwa upole kabisa, huku ananiongezea chai.

Niliinuka. Alinisindikiza, kama ilivyo ada, mpaka pale njia yao inapokutana na barabara kuu, akiwa amenibebea mfuko wa viazi nilioukataa mara mbili. Tulisimama tukingoja gari. Alinitengeneza khanga begani, akaniuliza kama Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja, maana hii ya leo haihesabiki. Nikamtazama usoni nikamwambia nitakuja. Katika miaka yote ya urafiki wetu, huo ndio uongo wa kwanza niliowahi kumwambia, na aliuamini.